Niendeshe lori au nikatafute kazi za mafuta? Wasomaji wameuliza

Mwezi huu naona mmekubaliana. Zaidi ya nusu ya barua zilizofika mezani kwangu zinauliza lori na mafuta, mafuta na lori, utadhani watu wote wameacha kulima. Nimechagua nne, majina nimeyaficha, na zile ndefu nimezipunguza maana kuna mmoja kaandika kurasa sita na swali lenyewe liko mstari wa mwisho. Twende.

SWALI: Shikamoo kaka. Mi ni kijana wa miaka 26 niko Nzega. Nina leseni daraja D, nilikuwa naendesha Fuso ya mpunga Nzega, Kahama na Mwanza. Shemeji yangu anaendesha Skania ya Congo, ananiambia nipandishe leseni niende daraja E aniunganishe kwa tajiri wake. Ila rafiki yangu niliyesoma nae alipata kazi pale Sojo kwenye kiwanda cha mabomba, muda mfupi tu kajenga na kanunua bodaboda mbili, yeye anasema lori ni kujiua, bora nisubiri kazi za mafuta Hoima au Tanga. Mama nae hataki kabisa kusikia habari ya lori. Nishike lipi? — Kijana wa Nzega

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kabla sijakujibu nikuulize na mimi, huyo rafiki yako wa Sojo sa hivi anafanya kazi gani? Maana umenieleza alichojenga na alichonunua ila hujaniambia kesho asubuhi akiamka anaenda wapi, na swali lako lote limekaa hapo hapo.

Simdharau, kafanya la maana, wangapi wamepita kwenye miradi hela zote zikaishia baa. Lakini elewa ile kazi ilikuwa ya namna gani. Bomba la mafuta ghafi la EACOP lina kilomita 1,443 toka Kabaale kule Hoima Uganda mpaka Chongoleani Tanga, na kilomita 1,147 kati ya hizo ziko upande wetu, limekatiza mikoa nane kuanzia Kagera mpaka Tanga. Kujenga kitu kama hicho kunataka watu wengi sana kwa wakati mmoja, wa kufyeka, wa kuchimba mtaro, welda, wapishi, walinzi, madereva wa kubeba yale mabomba ya mita 18 toka bandarini Dar mpaka huko kwenu. Kiwanda cha Sojo kimezinduliwa Machi 2024 kwa kazi moja tu, kuyavisha mabomba kinga ya joto, kwa sababu mafuta ya Ziwa Albert yana nta nyingi, yakipoa yanaganda, kwa hiyo inabidi bomba zima livishwe na lipashwe kwa umeme ili mafuta yabaki juu ya nyuzijoto 50. Sasa mabomba yakishavishwa yote, kiwanda kina kazi gani tena? Na bomba likishafukiwa chini halihitaji mfyekaji wala mchimba mtaro, linahitaji watu wachache wa kukaa na pampu na mitambo, na hao ni watu wa umeme, mekanika, vifaa vya kupimia, wengi wao wana diploma kwenda juu.

Visima navyo hivyo hivyo. Tilenga, ule mradi wa mafuta wa TotalEnergies kule Buliisa na Nwoya Uganda, mpango wake ni visima zaidi ya 400, na Kingfisher ya Wachina wa CNOOC ina 31. Rigi, ule mtambo wa kuchoboa visima, ikiwa inachoboa pale ni kelele usiku na mchana, watu wanapokezana zamu za saa 12, hela inazunguka mpaka mama ntilie wa nje ya geti anapata. Kisima kikishakamilika rigi inahama, na wanaohama nayo ni wale wenye ujuzi wa rigi, kibarua wa kubeba vyuma anapewa mkono wa kwaheri. Ndo maana nasema ukimuuliza mtu "unafanya kazi ya mafuta?" muulize pia "sehemu gani ya mafuta?" Kuna kujenga, kuna kuchoboa, kuna kuendesha mitambo. Mbili za mwanzo zina mwisho unaojulikana tangu siku unasaini, ya tatu ndo inaweza kukuzeesha kazini, na hiyo ya tatu haichukui watu wa kusubiri getini na bahasha.

Sasa lori. Hapa sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nimekaa miaka kwenye yadi ya malori Dar nikipanga ruti, madereva nawajua wakiwa wanacheka na wakiwa wanalia. Hesabu ya kwanza ambayo vijana wanaikosea ni ya hela. Tajiri atakwambia mshahara, alafu atakwambia posho ya safari, na posho ndo itakuchanganya akili kwa sababu unashikishwa yote mara moja. Tuseme kwa mfano tu amekupa posho ya 900,000 kwenda Lubumbashi na kurudi. Safari ikienda vizuri ukatumia siku 15, hiyo ni 60,000 kwa siku. Ukikaa foleni mpakani Tunduma, ukakaa tena mpaka wa Kasumbalesa, makaratasi ya mzigo yakachelewa, safari ikafika siku 30, ile ile 900,000 imekuwa 30,000 kwa siku, na humo ndani umekula, umeoga, umelipa paking, umemtoa utingo, umeziba pancha. Njia ni ile ile ya kama kilomita 2,000 kwenda peke yake, kilichokula hela yako ni kusimama. Kwa hiyo ukienda kwa huyo tajiri wa shemeji yako usiulize "posho shingapi", uliza "nikikwama mpakani zaidi ya siku kadhaa, unaongeza?" Akicheka akakwambia hayo tutaongea, basi jibu umepata.

Hesabu ya pili hata shemeji yako huenda hajaifanya. NSSF inakatwa kwenye mshahara, asilimia 20 ya mshahara kwa jumla, na mwajiri haruhusiwi kukukata wewe zaidi ya 10. Posho ya safari kwa matajiri wengi haimo. Sasa dereva ambae mshahara wake ni mdogo na posho ni kubwa, mfukoni anajiona ana hela kuliko mwalimu, ila siku mgongo umekataa akienda kudai mafao anakuta pensheni imepigiwa hesabu kwenye ule mshahara wa kwenye karatasi. Na hapo bado sijasema wale ambao hawana mkataba kabisa. Aprili 2015 madereva wa mabasi na malori waligoma nchi nzima, watu walikwama stendi, na pamoja na kelele za kurudishwa darasani kila wanapohuisha leseni, kilio kikubwa kilikuwa ni mikataba. Miaka imepita na bado naletewa barua za dereva anaepewa gari la mamilioni kwa kuaminiana tu, na gari likianguka kuaminiana kumeisha palepale.

Mama yako usimwone mwoga. Anakumbuka Msamvu, Agosti 2019, tenka lilipinduka Morogoro, watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka wakafa zaidi ya mia. Anakumbuka pia 2016 madereva wa kwetu walivyotekwa na waasi Kivu Kusini na malori yakachomwa. Hayo ni ya kweli. Ila yanayomaliza madereva kila siku hayaandikwi magazetini, ni usingizi, ni presha, ni sukari ya soda na chipsi za saa nane usiku, na ni ujanja wa dizeli. Nikueleze huu ujanja maana utaukuta. Umebeba kopa, yaani shaba, unarudi, unashuka mlima Kitonga, mzigo na gari vinakaribia tani 56 ambayo ndo mwisho wa sheria, vyote vinakusukuma mgongoni. Dawa yake inajulikana, unaingia na gia ndogo tangu juu kabisa kabla mteremko haujakukamata, unaiachia breki ya injini ifanye kazi, mguu unagusa breki kidogo kidogo. Sasa kuna mjanja anaweka nyutro ili gari lijiendee lenyewe abakize lita kadhaa akauze. Akifika katikati ya kona breki zimeshapata moto, zinanuka, hewa imeshuka, gia haiingii tena kwa sababu mwendo umezidi. Lita alizookoa haziwezi kununua hata sanda. Huyo atakufundisha ujanja huo siku ya kwanza kwa jina la uzoefu, mkatae mapema.

Na salfa je, ule mzigo utakaopewa sana kwenda Congo? Wakongo wanaihitaji sana kwa ajili ya kuchakata kopa na kobalti, kwa hiyo mizigo ya kwenda ni mingi. Vumbi lake linachoma macho na koo, na linashika moto. Ukibeba kichele cha salfa vaa miwani na barakoa hata kama wenzako wanakucheka, na usivute sigara karibu nayo. Basi.

Ukaniuliza nishike lipi. Mi nakwambia pandisha leseni, na sababu yangu siyo kwamba lori ni zuri kuliko mafuta. Kwenye kila mradi wa mafuta ninaoujua, kuna lori kabla ya rigi na kuna lori baada ya rigi. Maji, simenti, mabomba, dizeli, matope ya kuchobolea, chakula cha kampi, vyote vinakuja kwa magurudumu. Wewe hapo ulipo huna cheti cha welda wala cha umeme, una miaka kadhaa ya usukani, na hicho ndo kitu pekee ambacho utakipeleka Hoima au Tanga wakakusikiliza. Lakini dereva wa kwenye mafuta siyo dereva wa Congo. Kampuni za mafuta zinafunga kifaa kwenye gari kinachorekodi mwendo, breki za ghafla na mkanda, usiku kwa kawaida hamtembei, safari unaiandikia mpango na unairipoti, ukikutwa na simu mkononi umefukuzwa bila barua ya pili. Dereva aliyezoea kukimbiza mzigo usiku kucha kule anaona kama jela. Wewe ambae bado hujaharibika ndo wanaekutafuta, kwa hiyo kasome, Chuo cha Usafirishaji NIT pale Mabibo wana kozi za magari makubwa, VETA ya Kihonda Morogoro nayo inajulikana kwa udereva, ukitoka hapo na cheti na rekodi isiyo na ajali wala kesi ya wizi wa mafuta unaweza kuingia kokote. Rekodi, mdogo wangu. Tajiri akikutaka uzidishe mzigo au uuze dizeli mgawane, ondoka.

Kama roho yako iko kwenye rigi kweli, sawa, lakini basi usiende kama kibarua. Nenda VETA chukua kuchomelea au umeme wa viwandani, ukae miaka miwili ukinoa mkono, utafute cheti cha kuchomelea bomba katika mkao ule mgumu wanaouita 6G. Welda wa 6G mradi ukiisha anahamia mradi mwingine, na asipoupata anachomelea mageti mjini hapo Nzega na watoto wanakula.

La mwisho kwako: ukipigiwa simu na mtu anasema una nafasi Hoima, tuma hela ya medikali na ya kitambulisho, kata simu. Kampuni ya kweli medikali inalipa yenyewe.

SWALI: Habari ya kazi. Mume wangu ni dereva wa tenka, mimi na watoto tuko Mtwara. Ameitwa kwenye kampuni inayofanya kazi na watu wa visima vya gesi, atakuwa anaingia kampi siku 28 anarudi nyumbani siku 28. Yeye amefurahi kama mtoto. Mi nina wasiwasi, kwenye lori angalau nimeshamzoea, haji haji mara kaja, ana hela. Hizo siku 28 za kukaa nyumbani bila kazi si ndo ataanza kutafuta mengine? — Mama Wawili

JIBU: Nzuri dada yangu. Nimecheka kidogo, samahani, kwa sababu wake wa madereva huwa wanalia kwamba mume haonekani, wewe unalia kwamba ataonekana mno.

Hilo la kutafuta mengine siwezi kulijibu kwenye gazeti, unamjua wewe. Nikupe la kumuuliza kabla hajasaini. Zile siku 28 za nyumbani zinalipwa au hazilipwi? Kuna kampuni zinakupa mshahara wa mwezi uwe kampini uwe nyumbani, na kuna zinakulipa kwa siku ulizofanya kazi tu. Kazi zote mbili zinaitwa 28 kwa 28, na kwenye intavyuu zinasikika sawa kabisa. Ya pili kiwango cha siku kinaonekana kikubwa, unapiga hesabu mara 30 unaona umetajirika, kumbe kwa mwaka amefanya nusu. Mgawanye kwa miezi 12 ndo mlinganishe na alichokuwa analeta toka kwenye tenka, na mkumbuke kwenye tenka alikuwa anakula nje kwa hela yake, kampini chakula na kitanda ni vya kampuni.

Aulize pia mwajiri wake ni nani hasa kwenye karatasi. Mara nyingi siyo ile kampuni yenye nembo kwenye geti, ni wakala wa kuajiri ambae mkataba wake unaisha kila baada ya miezi kadhaa. Na amesajiliwa kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ule WCF? Mchango wake unalipwa na mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi hata senti, kwa hiyo wakimkata kwa jina hilo ujue kuna mtu anakula.

Kuhusu gesi usiwe na hofu sana ya kazi kuyeyuka usiku mmoja. Songo Songo waligundua gesi 1974, ikaanza kuzalishwa 2004 na inaendelea, Mnazi Bay hapo kwenu iligundulika 1982 na bomba la kuja Dar likazinduliwa 2015. Gesi yetu inauzwa hapa hapa kuwasha umeme, haiyumbi na bei ya dunia kama mafuta ghafi. Tatizo lake ni kwamba inaajiri wachache, kwa hiyo akiipata nafasi ya kudumu asiichezee.

Na akiwa nyumbani siku hizo 28 mpe shamba la korosho alisimamie. Atachoka.

SWALI: Niaje. Mi ni turniboi, natoka Kitale, nimekuwa kwa barabara tangu nimalize form four. Nikiwa mdogo niliona zile lori za mafuta ya Turkana zikipita zikiwa na eskoti ya polisi. Sasa nasikia mafuta ya Lokichar yanarudi. Nikimbilie huko ama nitafute leseni ya trela kwanza? — Kijana wa Kitale

JIBU: Poa sana. Leseni kwanza, na wewe ndo hustahili hata kuuliza, maana uliyaona kwa macho.

Wasomaji wengine wajue anachosema. Mafuta ya Turkana, kaskazini mwa Kenya, yaligunduliwa Machi 2012, kisima cha Ngamia 1, na kampuni ya Tullow. Bomba hakuna, kwa hiyo Juni 2018 serikali ikaanza kuyatoa kwa malori, matanki yaliyofunikwa yasipoe maana nayo yana nta, toka Lokichar mpaka Mombasa. Hazikupita wiki nyingi wenyeji wakafunga barabara wakilalamikia usalama na mgao wao, malori yakasimama, yakaanza tena. Agosti 2019 meli ya kwanza ikaondoka na mapipa zaidi ya 200,000. Alafu mvua zikaja zikakata barabara, korona ikaja, 2020 shughuli ikafungwa. Hapo unaona kijana, ule mradi ulikuwa wa mafuta lakini uliokuwa na kazi kubwa ni dereva wa trela, na ulipofungwa dereva aligeuza kichwa akabeba kontena la Malaba, mtu wa kampi akarudi kijijini kwao. 2025 Tullow wameuza sehemu yao kwa Gulf Energy, na ukitaka kujua kama mambo yamekolea usisikilize wanasiasa, angalia barabara ya Kitale kwenda Lodwar, malori mazito yakianza kupanda kila siku ndo uanze kuulizia. Wakati unasubiri usiwe turniboi wa kulala tu, omba dereva akufundishe kurudi nyuma na trela uwanjani. Wengi wanaoangukia kwa mtihani wanaangukia hapo.

SWALI: Jambo mwandishi. Mimi ni Mukongomani wa Uvira, tuko Texas na familia. Nina CDL, ile leseni ya magari makubwa ya huku, naendesha gari kubwa la mizigo ya kawaida, nazunguka wiki tatu sioni watoto. Rafiki zangu wanasema niende Midland na Odessa, kubeba muchanga na maji ya visima vya mafuta, wanalipa vizuri sana na unalala nyumbani. Wengine wanasema niache usukani kabisa niingie kwenye rigi. Unasemaje? — Papa Uvira

JIBU: Jambo sana papa. Hao wanakuita kwenye kitovu chenyewe, Permian hiyo, eneo la mafuta la magharibi ya Texas, kwa hiyo nitakuwa mkweli zaidi kwako kuliko kwa hao wengine maana maamuzi yako ni ya mwezi huu siyo ya mwakani.

Kwanza kuna lile linalosemwa sana, kwamba rigi ni salama kuliko barabara, au barabara ya mafuta ni fupi kwa hiyo ni salama. Takwimu za serikali ya Marekani yenyewe zimesema kwa miaka mingi kwamba kinachoua wafanyakazi wa mafuta na gesi kuliko kitu kingine ni ajali za magari. Mtu anatoka zamu ya saa 12, anaendesha saa mbili kurudi kwenye kitanda, anasinzia. Highway 285 kutoka Pecos kwenda Carlsbad watu wenyewe wa huko wanaiita barabara ya kifo, malori ya mchanga na ya maji yamejaa, kila mtu anakimbilia mzigo wake unaofuata. Kwa hiyo ukitoka kwenye lori ukaingia rigi barabara hujaiacha.

Pili, saa. Hapo ulipo sheria inakubana, saa 11 za usukani ndani ya dirisha la saa 14, baada ya kupumzika 10, na ile mashine kwenye dashibodi inahesabu. Kwenye mafuta sheria ina mlango wa pembeni: kwa kazi za visima unaweza kuanza upya hesabu ya wiki baada ya mapumziko ya saa 24 badala ya 34, na kwa magari maalumu ya huduma za visima muda wa kusubiri kisimani unaweza usihesabiwe kama uko kazini. Wenzako wanaliita hilo uhuru. Mi naona ni siku ndefu zaidi kwa jina zuri. Na angalia sana, hiyo ya kusubiri siyo ya kila lori, ni ya magari yaliyotengenezwa kwa ajili hiyo na dereva aliyefunzwa, lori la mchanga la kawaida halimo kwenye hiyo, na bosi akikwambia "jaza tu off duty", yaani hauko kazini, inspekta akikushika leseni inayochafuka ni ya kwako.

Alafu kuna hii. Aprili 20, 2020 bei ya mafuta ya Texas ilishuka chini ya sifuri, dola 37.63 chini ya sifuri kwa pipa, yaani mwenye mafuta anamlipa mtu ayachukue. Rigi zikazimwa moja baada ya nyingine, na kabla ya hapo 2014 mpaka mwanzoni mwa 2016 bei ilikuwa imeanguka toka juu ya dola 100 mpaka chini ya 30. Mara zote mbili aliyetangulia kwenda nyumbani ni yule wa chini kwenye rigi, na aliyechukua mkopo wa nyumba Midland wakati wa neema alibaki na nyumba isiyouzika. Wewe ukiwa na CDL yako bei ikianguka unarudi kubeba vyakula, watu hawaachi kula. Kwa hiyo rigi mi kwako siioni, labda ungekuwa na miaka 22 na mgongo wa akiba. Pale sakafuni ni vyuma, matope na minyororo, na kuna ile gesi ya haidrojeni salfaidi ambayo mwanzo inanuka yai bovu, ikizidi inaua pua usisikie tena harufu, ukadhani imeisha kumbe ndo imekuzunguka. Ndo maana wanavaa kile kidude cha kupiga alamu kifuani, na akikiacha kwenye gari hata mzoefu wa miaka kumi harudi.

Kubeba mchanga au maji nakubali ujaribu, kama shida yako kweli ni watoto. Ongeza idhini ya tanki kwenye leseni yako, na ya mizigo ya hatari ukiweza, inafungua kazi zaidi ya maji. Usinunue lori kwa ile mikopo ya kampuni ambapo unakatwa kila wiki kwenye mizigo yao wenyewe, ndugu zetu wengi wamefanya miaka wakaachia gari bila kitu. Ukienda, nenda kama mwajiriwa kwanza, upajue.

Na kabla hujahamisha familia mpigie simu atakaekuajiri umuulize kitu kimoja: mchanga unalipwa kwa tripu, sasa nikifika kisimani nikakuta malori 20 mbele yangu, nikasubiri saa sita, hizo saa sita nani ananilipa na ngapi? Wengine wanalipa baada ya saa ya kwanza au ya pili, wengine hawalipi kabisa. Akuandikie jibu kwenye ujumbe, siyo kwa mdomo, ndo muanze kuongea bei ya tripu.